Nani Maskini? Mageuzi ya Hifadhi ya Jamii Kakamega, kutoka Kodi ya Kibanda hadi Bima ya Afya

Tangu utawala wa kikoloni ulipohamisha makao ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini kutoka Mumias hadi Kakamega mwaka 1920, hakuna kizazi katika eneo hilo ambacho hakikupata kutakiwa na ofisa fulani kithibitishe umaskini wake. Wa kwanza kudai uthibitisho huo alikuwa mkusanyaji kodi; baadaye akaja karani wa hospitali, kisha kamati ya kijiji, na katika miaka ya karibuni programu ya kompyuta inayotoa alama kwa kila kaya, yaani kundi la watu wanaoishi na kula pamoja. Mageuzi ya hifadhi ya jamii, kwa maana ya mabadiliko ya sheria, fedha na taratibu ambazo serikali hutumia kuwakinga wasiojiweza, huelezwa kwa kawaida kana kwamba ni historia ya kiasi cha msaada kinachopanda au kushuka. Ukiyatazama kutoka Kakamega, mageuzi hayo yanaonekana zaidi kuwa historia ya mamlaka ya kuamua nani ni maskini, na ya gharama ambayo maskini wenyewe wameilipa kila mamlaka hayo yalipohama kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Kabla ya serikali kuingia katika jambo hili, mamlaka hayo yalikuwa ya ukoo. Mtu alikuwa na haki ya kula kwa sababu alikuwa na haki ya kulima, na haki ya kulima ilitokana na kuwa mtoto wa ukoo fulani. Mgeni aliyekaribishwa, ambaye Waluhya humwita omumenya, alilima kwa hisani ya wenyeji na angeweza kuondolewa wakigombana. Haifai kuupamba utaratibu huo kupita kiasi. Mjane asiye na mtoto wa kiume, mgonjwa ambaye ndugu zake wamekwisha kufa, na huyo omumenya mwenyewe walikuwa na kinga dhaifu, na ukoo uliojua shida zao kwa undani ndio pia uliokuwa na uwezo wa kuzinyamazia. Hata hivyo, hakuna aliyelazimika kwenda kwa mtu asiyemjua ili aeleze kwamba hana kitu.

Kodi ya kibanda, iliyotozwa kwa kila nyumba ya Mwafrika, na kodi ya kichwa, iliyotozwa kwa mwanamume asiye na nyumba, zilibadilisha hali hiyo. Kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, na mjane alibaki na nyumba baada ya mumewe kufariki, kodi iliwaangukia hata wanawake wazee ambao hawakuwa na njia yoyote ya kupata shilingi. Sheria ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumsamehe asiyejiweza, lakini mkuu wa wilaya hakuwajua watu hao, hivyo alitegemea neno la chifu na wazee wake wa vijiji, wanaoitwa maliguru. Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu ambao haujafa hadi leo: umaskini kuthibitishwa kwa kauli ya mtu wa serikali aliye karibu na boma. Kodi ilipofika shilingi 16 mwanzoni mwa miaka ya 1920, malalamiko yalienea Kavirondo nzima, ikapunguzwa hadi shilingi 12. Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, kilichoundwa mwaka 1923 chini ya uongozi wa Shemasi Mkuu (Archdeacon) Walter Owen wa Kanisa la Anglikana, kiliendelea kulalamikia kodi za nyumba za wajane. Inafaa kukumbukwa kwamba madai ya kwanza ya ustawi yaliyopangwa rasmi katika magharibi mwa Kenya hayakuwa ya kuomba msaada. Yalikuwa ya kutaka serikali iache kuwatoza wasio na kitu.

Dhahabu iliyogunduliwa Kakamega mwaka 1931 ilileta jaribio la aina nyingine. Sheria ya mwaka 1930 ya amana ya ardhi za wenyeji ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ikichukuliwa katika hifadhi ya Waafrika, wenyewe wangepewa ardhi nyingine ya kufidia. Desemba 1932 sheria hiyo ilibadilishwa haraka ili wachimbaji wapate nafasi, na fidia ya fedha ikaruhusiwa kuchukua mahali pa ardhi bila wenye ardhi kushauriwa ipasavyo. Serikali iliona kwamba mtu aliyelipwa fedha amekwisha kutendewa haki. Familia iliyopoteza shamba iliona kwamba fedha huisha ilhali shamba hurithiwa, na kwamba asiye na shamba hana pa kumzika mzee wake wala pa kumpeleka mwana anayeoa. Migodi, mkubwa ukiwa ule wa Rosterman uliofungwa mwaka 1952, iliajiri vibarua wengi kwa ujira mdogo, kisha ikaacha mashimo.

Wakati huo nchini Uingereza kwenyewe sheria za kale za maskini, zilizoanza mwaka 1601 na kufanyiwa mageuzi makali mwaka 1834, zilikuwa zikiondolewa hatua kwa hatua ili bima na pensheni zichukue nafasi yake. Katika koloni maofisa walishikilia kwamba Mwafrika hahitaji mambo hayo kwa sababu ana jamaa zake, ingawa kodi na kazi za mashamba ya walowezi ndizo zilizokuwa zikiwaondoa vijana wa Kavirondo Kaskazini na kuwaacha wazee, wanawake na watoto wakijitafutia. Sheria ya Maendeleo na Ustawi wa Makoloni ya mwaka 1940 ilileta fedha kidogo za kujengea zahanati na kumbi za jamii, lakini haikumpa mtu yeyote haki ya kudai. Kilichodumu zaidi kilitoka mifukoni mwa wenyeji: Baraza la Wenyeji la wilaya lilitoza ushuru wa nyongeza kwa ajili ya elimu, na Shule ya Kakamega, iliyofunguliwa mwaka 1932, ni tunda la juhudi za kipindi hicho.

Uhuru ulikuja na ahadi ya kupiga vita ujinga, umaskini na maradhi, na kwa muda ahadi hiyo ilionekana kushika njia. Mwaka 1965 ada ya matibabu ya nje katika hospitali za serikali ilifutwa, na mwaka huohuo ukaanzishwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, ukifuatwa mwaka 1966 na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, NHIF. Mifuko hiyo ilijengwa juu ya mshahara: aliyekatwa fedha kazini ndiye aliyekuwa na kinga. Wilaya ya Kakamega, ambayo watu wake wengi waliishi kwa kulima mahindi, maharagwe na wimbi katika vishamba vilivyokuwa vikigawanywa upya kila kizazi, ilibaki nje ya mifuko hiyo isipokuwa kwa walimu, makarani na wale waliokwenda kufanya kazi Nairobi, Nandi au Kericho. Kwa waliobaki nyumbani, serikali ilipendekeza harambee, na shule na zahanati nyingi zilijengwa kwa mchango wa kijiji, ambapo maskini alitoa kuku na tajiri akatoa mabati, kila mmoja akisomwa jina hadharani.

Kampuni ya Sukari ya Mumias, iliyoanzishwa mwaka 1971 na kuanza kusaga miwa mwaka 1973, ilijaza kwa namna yake pengo hilo. Mkulima aliyetia saini mkataba alipewa mbolea na mbegu kwa mkopo, na miwa ilipovunwa baada ya mwaka mmoja na nusu au zaidi alipata fedha nyingi kwa mkupuo zilizolipa karo na kujenga nyumba. Lakini mkataba kwa kawaida uliandikwa kwa jina la mwanamume mwenye ardhi, na miwa ilipoenea hadi mlangoni, shamba la chakula la mkewe lilipungua, hivyo nyumba ikawa na fedha mara moja na njaa mara nyingi. Kampuni ilipouza hisa kwa umma mwaka 2001 ilikuwa bado fahari ya magharibi; ilipowekwa chini ya mrasimu na benki iliyoidai, Septemba 2019, maelfu ya wakulima walikuwa wamekwisha kukaa miaka bila malipo ya miwa yao. Kuanguka kwa kiwanda hicho kuliwaathiri maskini wa Mumias, Matungu na Butere kuliko badiliko lolote la sheria ya ustawi, na mtu akipima mipango ya serikali iliyokuja baadaye bila kukumbuka jambo hilo hatapima sawasawa.

Badiliko lililowaumiza wengi zaidi kwa mkono wa serikali yenyewe lilikuwa lile la uchangiaji gharama, yaani sera iliyomtaka mgonjwa na mzazi walipe sehemu ya gharama ya huduma iliyokuwa ikitolewa bure au karibu na bure. Kenya ilikuwa imeanza kukopa kwa masharti ya marekebisho ya uchumi kutoka Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa tangu mwaka 1980, na kufikia mwisho wa muongo huo masharti yakafika shuleni na wodini. Desemba 1989 ada zilirudishwa hospitalini na katika vituo vya afya. Septemba 1990 ada za wagonjwa wa nje zilisimamishwa baada ya mahudhurio kuporomoka, na kuanzia 1991 zikarejeshwa kwa awamu. Sera hiyo ilikuwa na msamaha kwa wasiojiweza, lakini ili kuupata mgonjwa alihitaji barua ya chifu au tathmini ya ofisa wa ustawi hospitalini, na mtu mwenye homa kali hawezi kuzunguka akitafuta muhuri. Wengi hawakuomba, walikunywa mitishamba wakangoja. Familia zilizouza ng'ombe au kukodisha shamba ili kulipia matibabu zilijikuta, baada ya mazishi, hazina mgonjwa wala ng'ombe wala shamba. Mzigo wa ada za shule ulikuwa wa namna hiyohiyo, na mara nyingi msichana ndiye aliyetolewa darasani kwanza.

Ni katika miaka hiyohiyo ya ada ambapo ukimwi uliingia katika maboma. Serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, wakati ambapo bibi wengi wa Kakamega walikuwa tayari wanalea wajukuu wasio na mama wala baba. Vyama vya wanawake vya kuchangiana, michango ya matanga na makanisa viliwashikilia kadiri vilivyoweza, ila mchango hutegemea kuwepo kwa mwenye kitu, na ugonjwa huo ulikuwa unawachukua kwanza wale waliokuwa na nguvu za kuchangia.

Januari 2003 serikali mpya ilifuta karo za shule za msingi, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Madarasa yalifurika na walimu wakalemewa, na lawama hizo ni za kweli. Lakini hakuna mpango mwingine katika historia hii uliowafikia watoto maskini kwa wingi na kwa haraka kiasi hicho, na sababu yake ni rahisi kuieleza. Mtoto hakudaiwa barua, wala mzazi hakuulizwa ana ng'ombe wangapi. Mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya nazo zilipunguzwa hadi shilingi 10 na 20.

Mwaka huohuo wa 2004 lilianza jaribio la uhawilishaji wa fedha, yaani kumpa mtu maskini fedha mkononi mara kwa mara badala ya kumpa chakula au huduma. Liliwalenga yatima na watoto walio katika hatari, likianzia kwa kaya 500 za Nairobi, Garissa na Kwale. Wazo lilikuwa limepata nguvu Amerika ya Latini, hasa Brazil na Mexico, na lilitofautiana na mwelekeo wa Marekani, ambayo mwaka 1996 ilikuwa imefunga misaada ya familia maskini kwa muda maalumu na masharti ya kazi. Mpango wa wazee ulifuata, ukijaribiwa pia katika wilaya jirani ya Busia, na ule wa watu wenye ulemavu mkubwa ukaanza mwaka 2011. Katiba ya 2010 iliyaweka mambo haya juu ya msingi wa haki: ibara ya 43 inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu pamoja na wategemezi wao. Mwaka 2013 mipango hiyo iliunganishwa, baadaye ikajulikana kwa jina la Inua Jamii, na Benki ya Dunia ikaidhinisha mkopo wa dola milioni 250 kuiunga mkono. Taasisi iliyodai ada miaka ya 1980 ikawa mfadhili wa ruzuku.

Utaratibu wa kuchagua walengwa unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa humo ndimo maskini hukutana na serikali. Kamati ya lokesheni iliorodhesha kaya zilizodhaniwa kuwa na shida. Waandikishaji wakaenda nyumba kwa nyumba wakijaza fomu kuhusu paa, sakafu, mifugo na idadi ya wanaoishi humo. Kompyuta ikatoa alama. Kisha majina yakasomwa katika baraza la chifu ili wanakijiji wakubali au wakatae. Fedha zilikuwa zimepangwa kwa idadi maalumu ya kaya, hivyo swali la kamati halikuwa nani maskini bali nani katika maskini aachwe. Utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba asilimia 35.8 ya wakazi wa Kaunti ya Kakamega walikuwa chini ya mstari wa umaskini, na sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,867,579, kwa hiyo watu wanaohusika ni zaidi ya 600,000. Bibi wawili wenye mashamba yaliyopakana na wajukuu wanaosoma darasa moja waliweza kutofautishwa na mabati matatu juu ya jiko. Aliyeachwa hakujua ni alama gani iliyomwangusha; alichokijua ni jina la mjumbe wa kamati, na chuki ikaelekezwa huko.

Kaya zilizoingia zilifaidika, na tathmini za mpango wa yatima zilizofanywa katika wilaya nyingine za Kenya zilionyesha watoto zaidi wakiendelea na sekondari na kaya zikitumia zaidi kwa chakula na afya. Fedha zililipwa kila miezi miwili kupitia posta, kisha benki, na mlezi aliyekopa sukari dukani alikopeshwa tena kwa sababu mwenye duka alijua siku ya malipo. Uaminifu huo ulikuwa na thamani kuliko fedha zenyewe, na ndiyo maana malipo yalipochelewa kwa miezi, kama yalivyochelewa mara nyingi, hasara haikuwa ya kusubiri tu. Deni lilikua na mkopo dukani ukafungwa. Kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi kimebaki vilevile tangu mwaka wa fedha wa 2011/12 huku bei za unga, mafuta na sabuni zikipanda, na ni kilekile kwa kaya yenye yatima mmoja na yenye yatima sita. Kupunguzwa kwa msaada kwa njia hii hakukuhitaji mswada wala hotuba.

Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, Kakamega ilibuni mpango wake. Gavana wa kwanza, Wycliffe Oparanya, alianzisha Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, uliosaidiwa na UNICEF na ambao watu wengi waliuita kwa jina lake. Haja ilikuwa kubwa: utafiti wa kitaifa wa 2008/09 ulikuta kwamba katika Mkoa wa Magharibi karibu robo tu ya wanawake walijifungua kwa usaidizi wa mhudumu mwenye ujuzi. Mama maskini alilipwa shilingi 12,000 kwa mafungu sita ya shilingi 2,000, kuanzia kliniki ya wajawazito hadi mtoto afikishe miezi 18, kwa sharti la kuhudhuria kliniki, kujifungulia kituoni na kumpa mtoto chanjo. Serikali kuu ilikuwa imefuta ada ya kujifungua Juni 2013, lakini ada haikuwa kizuizi pekee. Boda boda ya usiku kutoka kijijini ilihitaji fedha taslimu, na fungu hilo lilizileta. Udhaifu wa mpango ulikuwa katika sharti lenyewe, kwa kuwa mama aliahidi kwenda kliniki ilhali hakuna aliyemhakikishia kwamba angeikuta wazi. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano kote nchini, ulionyesha jinsi sharti linavyoweza kumbana mpokeaji peke yake.

Januari 2018 serikali kuu ilijaribu njia tofauti: kila raia mwenye umri wa miaka 70 au zaidi asiye na pensheni angelipwa, tajiri au maskini, bila alama wala baraza. Wazee wapya zaidi ya 500,000 waliingia nchini, na ile aibu ya kusomwa jina hadharani ikaondoka. Kizuizi kilichobaki kilikuwa kitambulisho. Wazee wengi wa kijijini walizaliwa bila cheti, na mwaka wao wa kuzaliwa ulikisiwa na karani miongo kadhaa iliyopita. Aliyepunguziwa miaka mitano wakati ule alipoteza miaka mitano ya malipo uzeeni. Mashine za benki nazo zilisoma alama za vidole, ambazo kwa mtu aliyeshika jembe maisha yake yote huwa zimefutika. Usajili wa jumla haukurudiwa kwa miaka kadhaa, hivyo waliotimiza miaka 70 baada ya 2017 walikaa nje wakiwatazama wenzao, na ulipofunguliwa tena mwaka 2023 kigezo cha uhitaji kilikuwa kimerudi. Haki ya umri iligeuka kuwa orodha, na orodha ikafungwa. Huo ndio uamuzi uliowanyima wazee wengi zaidi katika kipindi hiki chote, ingawa haukupata kujadiliwa kwa uzito unaostahili.

Hatua ya karibuni ni bima ya afya. Sheria ya mwaka 2023 iliivunja NHIF na kuunda Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoanza kazi Oktoba 1, 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, kaya isiyo na mshahara hupimwa uwezo kwa maswali kuhusu nyumba, maji, choo na mali, kisha hupangiwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, unaotakiwa ulipwe kwa mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango hicho cha chini ni nafuu kuliko shilingi 500 za NHIF, lakini shilingi 3,600 kwa mkupuo ni fedha ambazo kibarua wa Navakholo au Khwisero huzishika mara chache, na wengine wamepangiwa kiwango cha juu zaidi kwa sababu ya nyumba ya matofali iliyojengwa na mtoto ambaye sasa hana kazi. Serikali ilianzisha mkopo wa kulipia kidogo kidogo, na Oktoba 2025 ikazindua mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza nchini kote.

Pamoja na badiliko hilo umekwisha Linda Mama, mpango uliomruhusu mjamzito yeyote asiye na bima kujifungua bila malipo. Mjamzito wa Shinyalu au Malava sasa hupokelewa chini ya bima ya kaya: ni lazima kaya iwe imesajiliwa, imejibu maswali ya kupima uwezo, na mchango wa mwaka uwe umelipwa, na mengi kati ya hayo hutegemea simu na kitambulisho ambavyo mara nyingi viko kwa mumewe.